Mchambuzi si Mpambaji wa Ripoti

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha sita alinijia baada ya kipindi, daftari mkononi, akaniuliza: "Mwalimu, nikisomea uchumi na takwimu, nami Kiswahili nisikiache, serikali itanipa kazi gani?" Kabla sijafungua kinywa, mwalimu mwenzangu aliyekuwa akisahihisha mitihani kwenye meza ya pili alimjibu kwa niaba yangu: "Tafuta mradi wa wafadhili, mwanangu. Serikalini utaoza." Walimu waliokuwamo wakacheka. Mwanafunzi naye akacheka, akashukuru, akaenda zake. Mimi sikucheka, lakini pia sikusema neno, na kunyamaza kule ndiko kunakonifanya niandike leo.

Wewe unayejifunza Kiswahili hapa kwetu Uganda, au kwa jirani zetu wa Rwanda, Burundi na Kongo, bila shaka umekwisha kuusikia ushauri wa namna ile. Una ukweli ndani yake, nami nitaukiri mahali pake. Hata hivyo naupinga, kwa sababu unakufundisha kuchagua kazi kwa kutazama gari lililoegeshwa nje ya ofisi, na kwa sababu unaiacha serikali mikononi mwa watu wasioipenda kazi yao.

Tuanze na maneno, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa lugha na sina ghala jingine la silaha. Katika wizara, idara na wilaya zetu kuna watu wanaoitwa wachumi, watakwimu, maafisa mipango, wachambuzi wa sera, wachambuzi wa bajeti, na wasimamizi wa programu. Majina ni mengi, lakini kazi ni mbili: kuchambua na kusimamia. Kitenzi cha kwanza unakijua kutoka jikoni na shambani. Mtu huchambua mchele kwa kutoa mawe na chuya. Huchambua pamba kwa kutenga nyuzi na mbegu, jambo ambalo wazee wa Busoga, Teso na Lango wanalielewa kuliko profesa yeyote. Kazi hiyo hufanywa mtu ameketi, kichwa amekiinamisha, na mkono wake ukizigusa punje. Asiyezigusa hachambui, anatazama tu. Kitenzi cha pili kimetokana na kusimama. Asimamiaye jambo husimama kando yake hadi litimie, na likiharibika hana pa kujificha. Sasa jiulize ni wangapi kati ya wenye vyeo hivi wanaogusa punje, na ni wangapi wanaosimama.

Nitakupa mfano wa watu waliogusa punje, na mfano huu ni wa hapa hapa nyumbani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Uganda ilikuwa ikiongeza fedha za elimu ya msingi katika bajeti yake, lakini takwimu rasmi hazikuonyesha ongezeko la wanafunzi darasani. Mtu mvivu angeandika ripoti ya kusema kwamba wazazi wa vijijini hawaipendi elimu. Maneno kama hayo ni rahisi kuandika, hasa ukiwa Kampala. Badala yake, mwaka 1996 ulifanyika uchunguzi, serikali ikishirikiana na Benki ya Dunia, katika shule 250 za msingi. Swali lililoulizwa lilikuwa jepesi kiasi cha kuchekesha: fedha zilizotoka Hazina zilifika shuleni? Watafiti waliweka vitabu vya serikali kuu upande mmoja na vitabu vya shule upande wa pili, kwa miaka ya 1991 hadi 1995. Wakakuta kwamba katika ruzuku iliyotengwa kwa mahitaji ya shule mbali na mishahara, kwa wastani ni asilimia 13 tu iliyofika. Katika kila shilingi 100, shilingi 87 zilipotelea njiani, nyingi zikiwa zimeishia katika ngazi ya wilaya. Shule nyingi hazikupokea hata senti moja. Jambo la kuudhi zaidi ni kwamba shule za jamii zenye uwezo zilipata zaidi kuliko za maskini, kwa kuwa wazazi wao walijua kudai.

Simama hapa kidogo, mwanafunzi. Kwa miaka yote ile kulikuwa na maafisa waliotia saini, waliogonga mihuri, waliofungua na kufunga mafaili. Hakuna karatasi iliyokosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali lile jepesi na kulifuata hadi mlango wa darasa.

Baada ya matokeo yale serikali ilianza kutangaza magazetini kiasi cha fedha kilichotumwa kila mwezi katika kila wilaya, na kuzitaka shule zibandike ukutani hesabu ya fedha zilizopokea. Mwalimu mkuu aliweza sasa kusoma gazeti, kuhesabu, na kwenda kuuliza. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa ikifika. Baadaye wataalamu wengine walipinga kwamba sifa zote zisiende kwa magazeti, maana katika miaka hiyo hiyo mambo mengine mengi yalikuwa yakirekebishwa katika fedha za umma, na mwaka 1997 elimu ya msingi kwa wote ilikuwa imekwisha kuanzishwa, macho ya nchi nzima yakielekea shuleni. Hoja yao naikubali, tena naipenda, kwa sababu huko nako ni kuchambua: kumchambua hata yule aliyechambua kabla yako. Lakini hapana anayebisha kwamba bila swali la mwaka 1996 tungeendelea kuwalaumu wazazi.

Sasa nikueleze mfano wa pili. Huu ni wangu mwenyewe, nao haunipi fahari.

Miaka kadhaa iliyopita nilikodishwa na programu moja ya maji, katika wilaya moja ya mpakani ambako watu wa makabila mengi huelewana kwa Kiswahili cha sokoni. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri dodoso na kuandamana na wahojaji. Dodoso liliuliza: "Je, kijiji kina kisima?" na palikuwa na visanduku viwili, ndiyo na hapana. Tukafika kwa mama mmoja mzee aliyekuwa akianika mihogo. Nikamsomea swali. Akanitazama, akasema: "Kisima kipo, baba. Maji hayapo." Mhojaji akaniuliza amejibu nini. Nikasema, amejibu ndiyo, kisima kipo. Akatia alama. Jioni nilipokea posho yangu, nikapanda basi. Miezi michache baadaye niliiona ripoti, imechapishwa kwa karatasi inayong'aa, ina picha ya watoto wanaotabasamu, nayo inasema lengo la visima katika eneo lile limetimizwa kikamilifu. Ndani ya ule ukamilifu mlikuwamo ndiyo ya yule mama, niliyomwandikia mimi.

Hakuna aliyesema uongo siku ile. Mhojaji alifuata karatasi, msimamizi aliyekuwa makao makuu alijumlisha alama, mchambuzi alichora grafu, na mimi nilitafsiri neno kwa neno. Ndiyo maana nasema mchambuzi asiyegusa punje ni mpambaji, nami siku ile nilikuwa mmoja wa wapambaji.

Turudi kwa mwalimu mwenzangu na ushauri wake wa mradi wa wafadhili. Niliahidi kuukiri ukweli wake. Ni kweli kwamba katika jengo moja la serikali unaweza kumkuta mchumi wa kudumu, aliyeajiriwa kwa mtihani na usaili wa Tume ya Utumishi wa Umma, akipokea mshahara mdogo kuliko afisa wa mradi aliyeketi chumba cha pili, mwenye shahada kama yake na uzoefu pungufu. Mmoja anasubiri wino wa mashine ya kuchapia tangu mwezi uliopita. Mwingine ana gari na mafuta. Ni kweli pia kwamba mshahara wa serikali umetumiwa kama fimbo. Mwaka 2022 walimu wa sayansi wenye shahada waliongezewa mshahara hadi shilingi milioni nne kwa mwezi, sisi wa sanaa tukaachwa nyuma, tukagoma. Nakuambia hili ili ujue kwamba siandiki kutoka mahali penye shibe.

Lakini tazama mradi unafanya nini. Una mwanzo na mwisho. Siku fedha zinapokwisha, ofisi hufungwa, kompyuta huhesabiwa, na wale maafisa wenye ujuzi huhamia mradi mwingine wakiwa wamebeba kumbukumbu zote vichwani mwao. Yule mchumi wa kudumu, mwenye wino usiofika, ndiye anayebaki na wilaya. Wafadhili wenyewe walilitambua tatizo hili: katika Azimio la Paris la mwaka 2005 waliahidi kwamba kufikia mwaka 2010 watapunguza kwa theluthi mbili idadi ya ofisi za miradi zinazoendeshwa kando ya mfumo wa serikali. Walikuwa wameona kwamba kila ofisi ya namna hiyo huvuta watu bora kutoka wizarani, kisha watu wale wale hushangaa kwa nini wizara ni dhaifu. Kijana anayeambiwa "serikalini utaoza" anafanywa kuwa sehemu ya uvutaji huo, tena bila kuombwa ridhaa.

Wapo waliobaki. Emmanuel Tumusiime-Mutebile alikuwa kiongozi wa wanafunzi Makerere mwaka 1972, akaupinga hadharani uamuzi wa Idi Amin wa kuwafukuza Waasia, akalazimika kuikimbia nchi. Alimalizia masomo Uingereza, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akarejea baada ya Amin kuanguka. Kuanzia mwaka 1992 alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Fedha na Mipango ya Uchumi, na mwaka 2001 akawa Gavana wa Benki Kuu hadi alipofariki Januari 2022. Simfanyi mtakatifu, maamuzi yake kadhaa yalipingwa, na mengine yalistahili kupingwa. Ninachotaka ukione ni urefu wa safari. Mtu aliyekaa mezani miaka 30 anajua faili gani liliharibika mwaka gani na ni nani aliyelificha. Ujuzi huo haununuliwi kwa mkataba wa miezi 18.

Utanijibu: "Mwalimu, mchambuzi hana mamlaka. Anaandika, mkubwa anaamua." Sawa. Mkubwa ana haki ya kuamua, maana amechaguliwa au ameteuliwa kwa ajili hiyo. Wajibu wako wewe ni kuhakikisha kwamba akiamua vibaya, ameamua akiwa amekwisha kuambiwa, kwa maandishi, kwa lugha isiyokwepa, na karatasi ipo. Utanijibu tena: "Kazi zenyewe hutolewa kwa kujuana." Hilo nalo hutokea, na linauma. Lakini mtihani upo, nao hupimwa watu ambao baba zao hawamjui waziri, na baadhi yao hupita. Nimewafundisha wawili. Usiliache lango wazi kwa wenye wajomba peke yao, halafu ukalalamika kwamba ndani mna wajomba.

Jibu ninaloliogopa zaidi ni lile lisilosemwa: kwamba kazi hii inachosha. Ndiyo, inachosha. Wafanyakazi hewa waliofichuliwa Tanzania mwaka 2016, zaidi ya 10,000, hawakugunduliwa kwa hotuba, ingawa hotuba zilikuwapo nyingi. Mtu alikaa na orodha ya mishahara, akalinganisha jina kwa jina na watu walio hai, walio kazini, wanaoonekana. Jaribu kufanya hivyo kwa siku moja tu, na orodha ya darasa lako, uone shingo itakavyouma.

Sasa nifike kwenye lugha, nilikokuwa nikielekea tangu mwanzo.

Februari 2022 serikali ilizindua huko Kibuku Mpango wa Maendeleo ya Parishi, ile ambayo wengi wetu huiita muluka. Kila parishi hutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya huweza kukopeshwa shilingi milioni moja kwa ajili ya kilimo, ufugaji au biashara ndogo. Wako wanaoupenda mpango huu na wanaouchukia. Sitaki kuingia humo leo. Nataka utazame ni nani aliye chini kabisa ya jengo lile. Ni mkuu wa parishi. Yeye ndiye anayekusanya taarifa za kaya, nani ana ng'ombe, nani ana nini, na taarifa hizo ndizo zinazopanda ngazi hadi Kampala na kugeuka kuwa asilimia. Mkuu wa parishi ni mchambuzi, hata kama hakuna aliyemwambia hivyo. Naye huuliza kwa Lusoga, kwa Ateso, kwa Lugbara au kwa Kiswahili cha mpakani, kisha huandika kwa Kiingereza. Kila mara anapovuka kutoka lugha moja hadi nyingine, kuna "maji hayapo" inayodondoka njiani.

Ripoti nazo hurudi kwa lugha ile ile zilimopandia. Mpango wa taifa wa maendeleo ni kitabu kinene cha Kiingereza. Mama wa mihogo, ambaye habari zake zimo ndani, hawezi kukisoma akasema: hapa mmekosea. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliidhinisha Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Julai 2022 Baraza letu la Mawaziri likapitisha kwamba Kiswahili kiwe lazima katika shule za msingi na sekondari. Maazimio tunayo ya kutosha kujaza kabati. Tunachokosa ni mtakwimu anayeweza kueleza wastani kwa Kiswahili fasaha mbele ya mkutano wa kijiji, na afisa mipango anayeweza kuandika dodoso ambalo ndani yake mna nafasi ya kisima kisicho na maji.

Hapa ndipo ninapogombana na wanafunzi wangu wapenzi wa Kiswahili. Wengi wenu mnafikiri kwamba lugha hii itawapa kazi ya ukalimani huko Arusha, au ya kutafsiri. Ni kazi njema, nimeifanya. Lakini mtafsiri huletewa karatasi ikiwa imekwisha kuandikwa. Mimi nililetewa dodoso likiwa na visanduku viwili, na sikuwa na cheo cha kuongeza cha tatu. Nataka baadhi yenu mkae upande wa pili wa meza, pale visanduku vinapochorwa. Someni hesabu. Someni uchumi, takwimu, utawala wa umma. Jifunzeni kuisoma bajeti kama mnavyosoma tamthilia, mkiuliza nani anasema, nani ananyamazishwa, na fedha inaingia jukwaani kwa mlango upi. Kisha yaandikeni yote kwa Kiswahili ambacho bibi yenu hataona haya kukiuliza swali.

Neno serikali lilitujia kutoka Kiajemi, lakini watu wa mitaani wamelikata vipande viwili kwa mzaha: siri kali. Mzaha huo una umri mkubwa kwa sababu hakuna aliyejitahidi kuuzika. Hapa Uganda sheria ya mwaka 2005 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na ofisi iliyoombwa inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ni wachache wanaoitumia. Mwanafunzi hahitaji kusubiri ajira ili aanze kuitumia.

Basi nawapa kazi. Nenda katika shule ya msingi ya serikali iliyo karibu na kwenu. Msalimu mwalimu mkuu kwa heshima, jitambulishe, omba kuuona ubao unaopaswa kuonyesha fedha zilizopokelewa muhula huu. Nakili kinachosomeka: kiasi, tarehe, idadi ya wanafunzi. Gawanya kiasi kwa idadi. Andika aya mbili kwa Kiswahili sanifu: ya kwanza useme ulichokiona, ya pili useme ambacho hakikuwapo, nawe usichanganye aya hizo mbili. Nitazisoma zote.

Yule mwanafunzi wa kidato cha sita nilimtafuta wiki iliyopita, nikamwomba radhi kwa kunyamaza kwangu, nikampa kazi hii kabla ya wengine. Alirudi juzi. Karatasi aliyoikuta ubaoni ilikuwa ya muhula wa kwanza wa mwaka juzi, nusu yake imeliwa na mchwa. Aya zake ni safi, ana kosa moja tu la upatanisho wa ngeli. Chini ya aya ya pili ameandika kwa penseli: "Mwalimu, barua ya kuomba taarifa niipeleke kwa nani, na siku 21 zinaanza kuhesabiwa lini?"